Vitabu Vitatu Mkobani: Mafunzo Niliyopata Katika Kuchagua cha Kusoma

Mkoba wangu wa kazini huwa na vitabu vitatu: riwaya, kitabu cha kujiendeleza, na kitabu cha Kifaransa. Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mizigo yetu mingi ni ya transiti: inashuka bandarini, inapakiwa kwenye malori, inatokea Tunduma, inakatiza Zambia hadi Kasumbalesa, ndipo inaingia Kongo na kufika Lubumbashi. Wenye mizigo tunaelewana nao kwa Kiswahili, chao na chetu, ila karatasi zao zimeandikwa kwa Kifaransa. Ndiyo sababu nilianza kununua vitabu vya lugha hiyo nikiwa na miaka thelathini na minne, umri ambao ndugu zangu walidhani mambo ya madaftari nimeshayaaga.

Bandarini hatupimi kila kitu kwa kipimo kimoja. Mafuta yanahesabiwa kwa lita, shaba kwa tani, mitumba kwa marobota. Lakini vitabu nilivipima vyote kwa swali moja tu: nimekimaliza au sijakimaliza? Nikawa na rafu imejaa vitabu nilivyovimaliza, na kichwani vimebaki vichache sana. Haya hapa ni niliyojifunza tangu nilipoanza kukipa kila kitabu kipimo chake. Baadhi yake nimeyalipia kwa fedha, mengine kwa miaka.

1. Kabla ya kuchagua kitabu, chagua mahali utakapokisomea

Ninakaa Kimara. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwendokasi ukifika kituoni umeshajaa, na anayepata pa kusimama anamshukuru Mungu. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeshika kitabu, na kufunua ukurasa ni kazi ya kidole gumba peke yake. Hapo nasoma riwaya yenye kisa kinachonivuta kwa nguvu kuliko kelele za watu. Riwaya za Muhammed Said Abdulla zinanifaa mno: mpelelezi wake, Bwana Msa, anaulizia jambo dogo, mimi nabaki nalo hadi jioni.

Kuna wakati nilidhani kigezo cha kitabu cha njiani ni wembamba wake. Nikaingia garini na *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba kinachokaa kiganjani. Nikausoma ukurasa mmoja Kimara, nikaurudia Ubungo, na tulipofika Magomeni nilikuwa bado nao. Kile ni kitabu cha ndoto na mafumbo, kinataka chumba kimya na mtu asiye na haraka. Nilipokisoma usiku, watoto wamelala, kilinifungukia. Kilichokuwa kibaya ni mahali nilipokipeleka.

Sasa nimegawa. Garini ni riwaya yenye kisa. Kifaransa nakisoma ofisini dakika ishirini kabla simu hazijaanza kulia, kwa sababu lugha inataka kichwa kibichi. Kitabu cha kujiendeleza nakisoma Jumapili mezani, kalamu mkononi, na kama sina kalamu sikifungui.

2. Riwaya uliyoisoma ukiwa binti, isome tena ukiwa mama

*Rosa Mistika* ya Kezilahabi tuliisoma bwenini kwa kupokezana. Ilitoka mwaka 1971, ikawahi kupigwa marufuku shuleni, na habari hiyo peke yake ilitosha kutufanya tuitafute. Nakala tuliyoipata haikuwa na jalada. Kurasa ambazo wasichana waliotutangulia walizipenda zilikuwa zimekunjwa pembe, nasi tukaenda moja kwa moja kwenye zile pembe. Nilimaliza kitabu nikiwa upande wa Rosa katika kila jambo, hata pale alipokuwa anajiangamiza.

Nilikutana nacho tena nikiwa na miaka arobaini, kwa muuza vitabu vya mtumba pale Posta, na nyumbani nina binti wa miaka kumi na minne. Safari hii aliyenisimamisha alikuwa Zakaria, baba yake Rosa. Nikamwona mtu anayemlinda binti kwa kipigo mpaka binti anakua hajui kitu chochote kuhusu dunia anayokwenda kuishi. Sikumpenda Zakaria hata kidogo. Ila nilijiona ndani yake: wiki iliyotangulia nilikuwa nimempokonya mwanangu simu, nikaisoma mbele yake, nikamgombeza bila kumuuliza swali hata moja. Nilikifunga kitabu, nikaenda chumbani kwake, nikaketi kitandani. Tulizungumza mpaka saa tano usiku.

Tangu siku hiyo, nikisimama mbele ya meza ya vitabu, swali la kwanza ni kama kuna riwaya ya zamani ninayopaswa kuirudia. Riwaya naipima hivi: nilikuwa upande wa nani mara ya kwanza, na leo niko upande wa nani? Upande ukiwa umehama, basi mimi ndiye niliyehama, kwa kuwa maneno ya kitabu ni yaleyale. Kwa hiyo riwaya sizigawi ovyo. Nyumbani kwangu zina rafu yenye mlango.

3. Kitabu cha kujiendeleza kinunue kwa ajili ya agizo moja

Kuna mwaka nilinunua vitabu saba vya hamasa. Kila nilichokimaliza kilinipandisha moyo kwa siku tatu, kisha nikahitaji kingine. Mwisho wa mwaka akiba yangu ilikuwa ileile, ila maneno ya mafanikio niliyajua kwa moyo.

Kilichonivusha ni kitabu kidogo cha George Clason kiitwacho *The Richest Man in Babylon*, hadithi za watu wa Babeli ya kale na fedha zao. Agizo lake la kwanza ni rahisi: katika kila unachopata, sehemu ya kumi iweke kwanza, kabla hujamlipa mtu yeyote. Niliamua kwamba sitafungua kitabu kingine cha aina hiyo mpaka agizo hilo moja nimelitekeleza kwa miezi mitatu. Mshahara ukiingia, siku ileile fungu la kumi linakwenda kununua hisa za kikoba chetu, kabla ya kodi, kabla ya ada, kabla ya chochote. Mwezi wa kwanza nilibanwa mpaka nikakopa nauli. Mwezi wa tatu nilikuwa nimezoea. Sikuacha tena, na kwa fedha hiyo nimesomesha mtu.

Kwa hiyo dukani nafanya hivi: nafungua katikati ya kitabu, nasoma kurasa tano, natafuta sentensi inayoniagiza jambo ninaloweza kulifanya kabla ya Ijumaa. Nikiikosa, nakirudisha, hata kama jalada lina dhahabu. Nikiipata, naiandika kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ndani ya kabati la nguo. Vitabu vyenyewe, nikishavitendea kazi, nawapa wenzangu. Haviwekwi kwenye rafu yenye mlango.

4. Uliza kitabu kilizaliwa wapi na kwa ajili ya nani

Hili nimelilipia. Nilikuwa na kiwanja, na nyumba imefika usawa wa lenta. Nikasoma kitabu mashuhuri cha fedha kutoka Marekani kinachofundisha kwamba nyumba unayoishi haikuingizii kitu, inakutoa fedha tu, hivyo mwenye akili huweka fedha zake kwingine kwanza. Hoja ilipangwa vizuri, nikasadiki. Nikasimamisha ujenzi miaka miwili, fedha nikaziweka kwenye biashara ya viatu ambayo sikuijua. Viatu havikwenda. Kodi ya nyumba niliendelea kuilipa kwa miezi sita sita kwa mkupuo, kama ilivyo kawaida ya wenye nyumba wa jiji hili. Niliporudi kwenye ujenzi, bei ya saruji na mabati ilikuwa imeniacha mbali.

Lawama simpi mwandishi. Aliandika kwa ajili ya watu wanaonunua nyumba iliyokamilika kwa mkopo wa benki, kisha wanaulipa na riba yake kwa miaka thelathini. Mimi nilikuwa najenga kama wengi wetu tunavyojenga: msingi mwaka huu, tofali mwaka ujao, kupaua Mungu akijalia, bila deni la mtu. Ushauri wa mwenye mkopo niliubeba ukaniangukia mimi nisiye na mkopo.

Hata kile cha Babeli nilichokisifu kina asili yake. Kilikusanywa mwaka 1926 kutokana na vijitabu vilivyokuwa vikigawiwa na mabenki na makampuni ya bima huko Marekani. Nilipoyajua hayo nilielewa kwa nini kinasisitiza kuweka akiba kwa bidii kiasi kile. Hakikupungua thamani machoni pangu. Nilijua tu ni nani alikuwa ananiambia niweke.

Siku hizi nikishika kitabu cha namna hii naangalia mwaka na nchi kabla ya jina la mwandishi. Kisha najiuliza: mtu wa mfano humu ndani analipwaje, anakodi vipi, akiugua anatibiwa na nani, ana ndugu wangapi wanaomtegemea? Mfano wake usipogusana na maisha yangu mahali popote, namsoma kama ninavyomsoma mhusika wa riwaya, na fedha yangu siihamishi.

5. Kitabu cha lugha kiwe chepesi kuliko fahari yako inavyotaka

Kitabu changu cha kwanza cha Kifaransa kilikuwa *Les Misérables* cha Victor Hugo. Nilikipata kwa bei ya kutupa, nakala nene, nikaona nimeokota lulu. Nilikuwa nikikiweka juu ya meza ya ofisi ili wateja wakione. Kila ukurasa nilifungua kamusi mara arobaini.

Katika siku hizohizo akaja mteja wetu wa Lubumbashi, mzee tunayemwita Papa kwa heshima, na hati ya kontena. Nikaona neno *livrer*. Nilijua *livre* ni kitabu, ndilo somo la kwanza la mwanafunzi yeyote. Nikamwambia, "Papa, hongera, safari hii unaingiza vitabu." Akainama juu ya meza, akaweka kidole chini ya neno lile, akasema taratibu, "Hapana, mama. Haiko buku. Hii ni ya kufikisha mzigo." Kontena lilikuwa na marumaru za sakafuni. Na *livrer* ni neno la kazi yangu, linaandikwa kwenye karatasi ninazozishika kila siku ya Mungu. Nilikuwa na riwaya nzito ya Kifaransa mezani, na neno linalonilisha silijui.

Jioni ile nilimwondoa Hugo mezani. Nikaanza kutafuta namna ya kupima ugumu. Watafiti wawili, Marcella Hu na Paul Nation, waliandika mwaka 2000 kwamba msomaji akitaka kuelewa hadithi bila msaada anahitaji kuyajua kiasi cha maneno 98 katika kila maneno 100. Nilipoupima ukurasa wangu wa Hugo, nilikuwa sifiki hata 80. Sasa kipimo changu cha kitabu cha lugha ni ukurasa mmoja, vidole vya mkono mmoja. Naanza kusoma, kila neno nisilolijua nakunja kidole. Ngumi ikifumba kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho ni cha miaka ijayo.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyenieleza, nami namweleza kila anayeanza. Kifaransa kina wakati uliopita wa maandishi ambao watu hawausemi mdomoni. Riwaya za zamani zimejaa huo. Vitenzi vinakuja na sura ambazo hujawahi kuzisikia kwa mtu yeyote, nawe unadhani hujajifunza kitu. Ni kama mgeni anayetaka kununua nyanya sokoni Kariakoo akaanzishiwa Kiswahili kwa tenzi za kale za Lamu. Albert Camus katika *L'Étranger*, kilichotoka mwaka 1942, alichagua kusimulia kwa wakati uliopita wa mazungumzo, ule ambao Papa angeusema kwa Kifaransa akiuliza lori limefika wapi. Sentensi zake ni fupi. Nilikisoma mwaka wa tatu wa kujifunza, na kwa mara ya kwanza nilifunua ukurasa wa Kifaransa kwa sababu nilitaka kujua kitakachotokea.

6. Katika lugha ngeni, anza na maisha unayoyajua

Baba yangu alifariki, na mama akakaa eda nyumbani kwetu Pangani. Miezi minne na siku kumi. Mimi nilikuwa nikipanda basi kila Ijumaa, Dar hadi Tanga, na kutoka hapo hadi nyumbani, nikirudi Jumapili. Mkobani nilikuwa na *Une si longue lettre* ya Mariama Bâ wa Senegali, kitabu cha mwaka 1979, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili, *Barua Ndefu Kama Hii*, niliyoazima kwa mwalimu mmoja jirani. Nilivichukua kwa sababu ni vyembamba. Sikujua vinahusu nini.

Vinahusu mjane aliye edani. Ramatoulaye amefiwa na mumewe, mume aliyekuwa amemwoa rafiki wa binti yao, na sasa amekaa ndani anamwandikia shoga yake wa tangu utoto. Nilisoma Kiswahili kwanza, kwa siku mbili. Kisha nikaanza Kifaransa, kurasa chache kila safari, chumbani kwa mama, yeye akiwa kwenye mkeka na tasbihi yake.

Nikagundua kitu. Maneno yalikuwa mageni lakini mambo hayakuwa mageni. Wageni wanaojaa uani, wanaokuja kuomboleza na wanaokuja kula, fedha za rambirambi na namna zinavyohesabiwa, mawifi na maneno yao, mjane anayetakiwa kutulia wakati kila mtu anamwangalia: hayo yote yalikuwa yamepita nyumbani kwetu mwezi uleule. Nikikutana na neno nisilolijua, nilikuwa najua tayari kitu kinachopaswa kuwa mahali pale. Neno la Kifaransa lilikuja kukaa juu ya jambo lililokwisha kuwamo ndani yangu. Kamusi niliifungua mara chache kuliko wakati wowote.

Mama akaniuliza, "Unasoma nini, mwanangu, mbona unanuna?" Nikaanza kumfasiria. Aya moja kwa Kifaransa kwa ajili yangu, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yake. Alisikiliza kimya, macho chini. Baada ya kurasa kadhaa akasema, "Huyo aliyeandika anaijua eda."

Jumamosi moja nilikwama kwenye neno *mirasse*. Kamusi yangu ya Kifaransa haikuwa nalo. Tafsiri ya Kiswahili nilikuwa nimeshairudisha kwa mwenyewe. Nikalisema kwa sauti, nikalirudia, mira, mirasi. Mama akainua kichwa. "Si mirathi hiyo?" Nikasoma tena, na sentensi yote ikasimama. Lilikuwa neno la Kiarabu lililofika Senegali kwa njia yake kama lilivyofika kwetu kwa njia yetu. Kifaransa hakina *th* kama yetu, kimeandika *s*. Mama hajui Kifaransa. Alilitambua neno kwa sababu juma lile nyumbani kwetu lilikuwa likitajwa kila baada ya chakula, kaka zangu na baba wadogo wakizungumzia shamba la minazi.

Tulikimaliza kitabu siku chache kabla ya eda kwisha. Tangu hapo sichagui tena kitabu cha lugha kwa sifa yake duniani. Natafuta kilichoandikwa na mtu ambaye nyumba yake inafanana na yetu. Na kama kina tafsiri ya Kiswahili, navitafuta vyote viwili. *Le Petit Prince* ya Saint-Exupéry nayo imefasiriwa, inaitwa *Mwana Mdogo wa Mfalme*, na mwanangu ameanza Kifaransa chake kwa kuviweka vitabu hivyo viwili sambamba mezani. Mwalimu anayeanza na Waafrika walioandika kwa lugha hiyo atawafikisha wanafunzi wetu mbali kuliko anayeanza na mazungumzo ya mgahawani Paris, mahali ambapo mtoto wa Mbagala hajawahi kuketi.

7. Hesabu kurasa kabla ya kulipa

Vitabu vingi vinavyouzwa kwenye foleni za magari ni vya kudurufu. Nimewahi kununua kimoja kinachotoka ukurasa wa 96 hadi 129. Fungua, pitisha kidole kwenye namba, angalia kama wino umeshika. Ukiweza, kakisome kwanza Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ujue kama kinakufaa. Na kama mwandishi ni wetu na yu hai, nunua nakala halali. Watu wanaoandika riwaya kwa Kiswahili wanapata kidogo sana. Tukiwadurufu, nani ataandika nyingine?

8. Kuacha kitabu nako kuna vipimo

Kwa miaka mingi niliona haya kuacha kitabu katikati, kama vile kuacha chakula cha mwenyeji. Sasa riwaya naipa kurasa hamsini. Kitabu cha lugha nakipa ukurasa mmoja na vidole vitano. Kitabu cha kujiendeleza nakiacha pale nilipopata agizo, hata kama ni sura ya pili, nikalitende kwanza. Hugo wangu yupo kwenye rafu yenye mlango. Mwaka jana nilifungua ukurasa wowote nikakunja vidole vitatu tu.

9. Mambo ya kazi usiyatafute kwenye vitabu vya kazi peke yake

Ofisini tuliwahi kupewa vitabu vya uongozi, na nilivisoma kwa bidii. Vilinifundisha kupanga siku yangu na kuendesha kikao, na hayo nayashukuru. Lakini kitabu kilichobadilisha namna ninavyofanya kazi bandarini ni riwaya: *Kuli* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, habari za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948.

Nilikuwa nimekaa kwenye kazi ya mizigo zaidi ya miaka kumi. Niliijua mizigo kwa namba zake, kwa uzito wake, kwa ushuru wake. Wanaoibeba niliwajua kama mstari kwenye karatasi ya gharama: vibarua, wanane, nusu siku. Nilipoisoma *Kuli* nikaanza kuuona mgongo ulio chini ya gunia. Nikaenda yadi saa saba mchana, saa ambayo ratiba zangu mwenyewe zilikuwa zikiwapangia kupakua kontena. Niliingia ndani ya lile sanduku la chuma na kusimama dakika tano. Jasho lilinitoka mpaka viatuni, na sikuwa nimebeba kitu.

Nilibadilisha ratiba. Sasa tunapakua alfajiri au jioni, na mapipa mawili ya maji ya kunywa ni sehemu ya gharama ninazoziandika. Hakuna kitabu cha uongozi kilichonipeleka ndani ya kontena lile. Ndiyo maana rafiki yangu akiniambia hana muda wa hadithi, anataka vitabu vya maana tu, huwa namwekea *Kuli* mkononi na kumwomba wiki mbili.

10. Ukiombwa ushauri, uliza kwanza

Mpwa wangu, mtoto wa kaka, alimaliza kidato cha nne akaja kukaa kwangu akisubiri matokeo. Siku ya pili akasimama mbele ya rafu. "Shangazi, nataka niwe msomaji. Nianze na kipi?"

Zamani ningempa vitano hapohapo, na kimojawapo kingekuwa cha mafanikio. Nikamuuliza, "Mara ya mwisho hadithi kukusahaulisha chakula ilikuwa lini?" Akafikiri. Akasema ilikuwa bibi alipowasimulia habari za mwizi wa kuku kule Pangani, wakabaki wanabishana ni nani mpaka asubuhi, na bibi akakataa kuwaambia.

Nikampa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kisa cha kwanza cha Bwana Msa, kilichochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa ana namna ya kuwauliza watu mambo madogo madogo kama bibi yule wa Pangani. Sikumwambia ni kitabu kizuri wala ni cha mwandishi gani mkubwa. Nilimwambia tu kuna mtu ameuawa.

Siku mbili zikapita. Usiku wa tatu niliamka kunywa maji nikakuta mwanga chini ya mlango wake, saa nane kasoro. Asubuhi alikuja jikoni macho mekundu, akashika ukingo wa meza.

"Shangazi, huyu Bwana Msa, vipo vingine?"

Nikafuta mikono, nikaenda kufungua mlango wa rafu. *Kisima cha Giningi* kilikuwa cha pili kutoka kushoto.